Waya ya Kyebando Niliyoilaza

Niliandika mlinzi wetu aachishwe kazi huku nikinywa chai yake. Tena chai aliyonitilia sukari vijiko vitatu, kwa mkono wake, kama kila siku.

Alikuwa mzee wa kaskazini, mwanajeshi mstaafu, na sote tulimwita Afande. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya intaneti katika mtaa wa Wandegeya, juu ya duka la kuchapishia kazi za wanafunzi, na nilijiona nina akili za kuwaazima wengine. Umeme ulikatika hovyo, jenereta ikanywa dizeli, na bosi alitaka matumizi yapungue. Mtandao wetu ulikuwa na waya mbili za kioo, zinazobeba mwanga. Iliyopitia mtaa wa Mulago ilifanya kazi yote. Ya pili, ya mtaa wa Kyebando, ilikaa imewashwa kutwa kucha bila kubeba kitu, ikingoja ya kwanza ikatike. Huo nikauona uvivu. Nikaandika programu ya kuilaza mitambo ya Kyebando, na kuiamsha ikihitajika.

Bosi alifurahi mno, akaniuliza kuna nini kingine kinachokula bure. Nikaandika: mlinzi. Miaka miwili hajaja hata mwizi mmoja.

Afande aliponisikia nikijisifu kuhusu Kyebando alitikisa kichwa. "Injinia, akiba haiozi. Mimi hapa miaka mbili sijashika mtu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikacheka. Mzee wa bunduki anajua nini kuhusu mwanga, nilijisemea.

Wiki haikuisha. Mchana mmoja watengeneza barabara walichimba Mulago, wakaikata waya yetu. Nikaiagiza Kyebando iamke. Kimya. Nikaagiza tena, na hapo nikagundua: amri ya kuiamsha Kyebando ilikuwa inapitia Mulago. Mimi na akili zangu za kuwaazima wengine tulikuwa tumefunga mlango na kuacha ufunguo ndani.

Kule chini dukani wanafunzi waliokatikiwa intaneti walikwishaanza kunitukania mama. Mtu alipaswa kwenda Kyebando kuiwasha kwa mkono, nami sikuweza kuiacha mitambo. Afande alichukua ufunguo wa kibanda cha huko, akapanda boda, na nikamwelekeza kwa simu swichi ya kubonyeza. Taa zikawa za kijani. Matusi yakaisha.

Aliporudi alibandika birika. "Bosi alinipa barua asubuhi," akasema, sauti ile ile ya siku zote. "Alisema ni wewe ulishauri. Leo ndiyo siku ya mwisho."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. "Sasa kwa nini umekwenda Kyebando?"

"Zamu yangu iko mpaka jioni."

Nilimpigia bosi palepale, mbele yake, nikakiri upumbavu wangu wote na nikamtaja aliyeniokoa. Kesho yake Afande alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Chai alinimiminia. Sukari nilijitilia mwenyewe.