Kikohozi cha Pelagia

Ndayikunda nilimwekea kinyongo tangu dada yangu Pelagia yuko hai. Alikuja hapa Murungu na mashine yake ya kurekodi, akatukalisha jikoni mimi na dada, tukamwimbia wimbo wetu wa kulimia. Akasema, "Mabibi zangu, mtausikia redioni." Tangu hapo kila dada akimwona anamuuliza. "Bado kidogo, bibi. Naweka ngoma." Pelagia akafa bado anauliza.

Na mwenyewe si mvivu, hapo ndipo nilipokuwa nashangaa. Ana chumba nyuma ya duka la Hashimu, Kibondo mjini, kuta zote kabandika magodoro. Anashinda humo kama kuku anayeatamia. Vifaranga hamna.

Nikaenda kuona mwenyewe. Kwenye kompyuta mistari inapanda inashuka kama vilima vya kwetu.

"Pelagia yuko wapi hapo?"

"Huyu wa kijani, bibi."

"Na hawa wengine?"

"Nyimbo za watu. Zinangoja."

"Zinangoja nini, mvua?"

Akacheka kidogo. Akanisikilizisha mahali: kuh, kuh. Pelagia anakohoa. "Hiki kikohozi ndicho kinanitesa. Nikikikata, na neno linakatika. Nataka wimbo utoke safi."

"Kikohozi kimoja, miaka yote hii?"

Akawa anachezea waya. "Bibi, wimbo ambao haujaisha hakuna anayeucheka."

Kumbe ni woga tu. Mimi pombe ya ndizi napika tangu usichana, na kila nikipika naogopa watasema imeharibika. Lakini ndizi zikishaiva shimoni hazina habari na woga wako. Ukamue, au zioze.

Nikarudi, nikafukia ndizi za pombe ya kumaliza matanga ya dada. Jumapili, misa imeisha, watu bado wako nje, nikawatangazia: siku ya pombe, Ndayikunda atatupigia wimbo wa Pelagia. Mama yake Ndayikunda alikuwa hapo hapo. Sikumtazama.

Kesho yake kijana akaja mbio na pikipiki. "Bibi, umeniua. Niongezee siku."

"Kaziombe ndizi."

Siku ikafika, akaja na spika lake, macho mekundu. Tumekaa na mirija yetu kuzunguka mtungi. Wimbo ukaanza: sauti yangu, halafu ya dada inaitikia. Ndayikunda kainamisha kichwa, anajua kinachokuja. Kikohozi hakuwahi kukitoa.

Kuh, kuh.

Watu wakaacha mirija. Winnie, binti wa Pelagia, akasema, "Mama huyo," akajifunika kitenge usoni.

Mzee mmoja akasema, "Rudisha hapo, kijana. Hapo anapokohoa."

Akarudisha. Wakataka tena. Ngoma alizozihangaikia hakuna aliyezitaja.

Jua likienda kuzama akaja kuchuchumaa karibu yangu. "Bibi, sasa umenisamehe?"

"Wa kukusamehe tumemzika. Wale wengine wanaongoja kwenye kompyuta yako, wazima bado?"

Nikamsogezea mrija, akanywa.