Midomo Ilinyamaza, Sauti Ikaendelea

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, na sitaisahau hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, ni Jumapili moja mchana, hapa hapa Gisenyi, mji wetu wa Rwanda kando ya ziwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilisimama mbele ya harusi nzima, watu wakinishangilia, kisha midomo yangu ikakauka kama jani. Wewe ndiyo kwanza unaanza kusifiwa kwa kuchekesha watu. Sifa ni tamu, siwezi kukudanganya. Basi kaa nikusimulie taratibu, maana jambo hili ukilikimbiza halikufundishi kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi na mama yangu tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka Tanzania, na kwa Kiswahili changu wenzangu wa mtaa wa Nengo walinicheka: "Vestina anaongea kama redio!" Nilikuwa fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikaa barazani mwa duka la vitambaa la mjane mmoja wa Kihindi, Mama Shanta. Wahindi wenzake walikuwa wamehama mmoja mmoja, yeye akabaki. Mteja alinunua kitambaa ndani, akigeuka ananikuta mimi nje na futi shingoni. Kwa hiyo baraza lile ndilo lililotulisha, mimi na mama yangu. Shika hilo, kwa sababu ndilo nililokaribia kulipoteza.

Ndani ya duka kulikuwa na redio ya kanda, na kanda aliyoipenda Mama Shanta ilikuwa ya mwimbaji wa kwao aliyeitwa Kusumlata. Upande wa kwanza ulijaa nyimbo za filamu, zile za kukimbizana kwenye maua. Huo aliupiga mchana kutwa. Upande wa pili aliupiga alfajiri tu, kabla ya kufungua milango. Mimi nikifika nilikuta wimbo unamalizikia na harufu ya udi imetanda. Nilisikia uzuri wake. Maana yake sikuuliza hata siku moja.

Sasa nikueleze jambo ambalo nyinyi wa simu za mkononi hamkulikuta. Siku zile vijana wa mji huu tulikuwa na mchezo tuliouita plebaki. Kanda inaimba, wewe unasimama jukwaani umevaa kama mwenye wimbo, unachezesha midomo na kucheza. Ukipatia, watu wanaapa kwamba sauti inatoka kooni mwako. Kulikuwa na mashindano shuleni, kwenye kumbi za parokia, kwenye harusi. Na usituone wapuuzi. Mji huu ulikuwa umezika wengi mno, watu walikuwa wanajifunza kucheka upya, na aliyewachekesha alipendwa kama mleta mvua.

Mimi nilipendwa. Wengine waliiga waimbaji wa Kongo. Mimi niliiga Wahindi. Nilijifunga kitambaa cha pazia kama sari, nikajipaka doa jekundu kwenye paji la uso, na jina likanikaa: Muhindi wa Nengo.

Ikaja harusi ya familia moja ya wafanyabiashara Waislamu wa pale mjini. Shangazi wa bwana harusi, Mwajuma, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutunza, alinifuata barazani.

"We Muhindi wa uongo," akaniambia, "siku ya harusi utuletee kitu mupya. Ile ya maua tumeichoka. Ukituletea ya zamani nitakutoa mi mwenyewe kwa sikio!"

Kitu kipya. Nikakumbuka upande wa pili. Nikamwomba Mama Shanta kanda, akanipa, akidhani nataka zile za filamu. Kwa majuma mawili niliucheza wimbo mmoja nyumbani kwetu, nikiurudisha nyuma na kuurudia, mpaka kila sauti ikakaa mdomoni mahali pake. Nilijua anaanza wapi kuvuta pumzi. Nilijua pale anapotetemesha koo. Yote niliyajua, isipokuwa anasema nini. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema, lakini mimi niliona kuuliza kungenichelewesha.

Nikajitungia maana yangu. Katika kiitikio sauti ilipanda kwa kusihi, nikasema moyoni: huyu ni mwanamke anayembembeleza mpenzi wake mlangoni. Nikapanga kugonga mlango wa hewani, kuzungusha kiuno, kisha kumwita bwana harusi kwa kidole.

Mama Shanta alialikwa, kwa kuwa vitambaa vyote vya harusi vilitoka dukani kwake. Na hapa, mwanangu, ndipo ninapojionea haya hadi leo. Mimi mwenyewe nilimkalisha kiti cha mbele kabisa. Nilitaka kumfurahisha. Nilijiambia, mama wa watu hana ndugu mjini, leo asikie wimbo wa kwao.

Kanda ikaanza. Nikatoka nyuma ya turubai na pazia langu, na uwanja mzima ukalipuka. Nilipogonga mlango wa hewani, wanawake walipiga vigelegele. Nilipozungusha kiuno, mzee mmoja alidondosha kofia yake. Nikamwita bwana harusi kwa kidole, naye akajifunika uso kwa mikono, na Shangazi Mwajuma akapiga kelele, "Yo! Bibi harusi, shika bwana yako, Muhindi anamubeba!"

Nikageuka kumtazama Mama Shanta, nione amefurahi kiasi gani.

Alikuwa amesimama. Viatu amevivua, vimepangwa kando ya kiti. Viganja vyake viwili vimekutana kifuani, macho ameyafumba, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Midomo yake ilikuwa inasema maneno yale yale niliyokuwa nayasema mimi.

Hakuna aliyenieleza kitu, lakini mtu anayesali unamjua hata kama dini yake huijui. Mkono wangu ulikuwa bado kiunoni. Midomo yangu ikanyamaza. Na sauti ya Kusumlata ikaendelea, safi, juu, ikitoka kwenye kasha la redio pale mezani, nami nimesimama kando yake mdomo wazi kama samaki aliyetolewa ziwani. Vicheko vikakatika kimoja baada ya kingine. Watu wakanitazama mimi, wakamtazama yeye. Hakuna aliyeenda kuzima. Wimbo uliisha wenyewe. Mama Shanta akavaa viatu, akainamisha kichwa kwa wenye harusi, akaondoka kwa miguu.

"Donc, sasa," Shangazi Mwajuma akanong'ona, na yeye hakujua kunong'ona, "umefanya nini, mutoto?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi fundi nilipaswa kuijua methali hiyo kuliko wote.

Jumatatu nilikwenda dukani mapema kuliko siku zote, na kanda mkononi. Nilikwenda kubeba cherehani yangu kabla sijafukuzwa, maana niliona afadhali niondoke kuliko kuondolewa. Mlango ulikuwa nusu wazi.

"Ingia," sauti ikaniita. "Vua viatu."

Nikavua. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, udi unafuka. Nilipiga magoti nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Hii wimbo," akasema, "niliipiga siku bwana yangu anakata roho. Hapa nyuma, kwenye hii nyumba. Alisikia mpaka mwisho, akaenda. Unajua inasema nini?"

"Sijui, Mama."

"Inasema: njia imeisha, Bwana, fungua mlango. Sikukuja na kitu, nimekuja na jina yako tu."

Nikakumbuka jinsi nilivyogonga ule mlango. Nikakumbuka kiuno. Nilitamani ziwa lipande mpaka pale dukani linichukue.

Hakunitukana. Alinieleza, mwanangu, polepole, kama mtu anayemfundisha mwingine kutunga uzi kwenye sindano. Kusumlata, akasema, alianza kuimba akiwa mtoto mdogo, akikaa pembeni mwa baba yake aliyeimba nyimbo za ibada hekaluni. Baba akafa. Wadogo zake walihitaji kula, na binti akaenda mji mkubwa wanakotengeneza filamu.

"Kwa hiyo akawa mcheza filamu," nikasema.

"Hapana. Ile wanamuke unaona kwenye filamu, anaimba?"

"Anaimba, Mama. Nimemwona kwa macho yangu."

Hapo kwa mara ya kwanza akacheka. "Vestina! Haimbi. Anafungua mudomo tu, sawa wewe. Sauti iko ya Kusumlata."

Nilishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Wote? Yule mrefu, na yule wa macho makubwa, na yule aliyekufa kwenye mvua? Wote, akasema. Mwanamke mmoja, mfupi, amesimama ndani ya chumba mbele ya kipaza sauti, anaimba. Baadaye warembo wanatiwa sauti yake mdomoni. Miaka na miaka watu walipenda sura ambazo hazikuwa zake. Alipita sokoni akisikia nyimbo zake zinaimbwa, na muuza mboga hakugeuza shingo kumtazama. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa.

"Hakuumia?" nikauliza.

"Aliumia kidogo. Halafu wenye filamu wakataka sauti ya wasichana wadogo, wakamuacha. Bon, basi, akarudia nyimbo ya baba yake. Upande wa pili, ile. Wanasema akiimba filamu alivaa viatu, akiimba hii alivua. Sauti iko moja. Lakini yeye alijua sasa anaimbia nani. Wewe ulijua?"

Nikaiweka kanda mbele yake, nikainuka nikachukue cherehani.

"Unaenda wapi? Sijakufukuza. Kaa." Akaichukua kanda. "Uliniumiza, sitaficha. Nilisimama pale nikasikia watu wanachekea kifo ya bwana yangu. Lakini nilifungua macho mara moja, nikaona mudomo yako. Vestina, maneno yote yalikuwa sawa. Yote! Tangu bwana amekufa, mu huu mji hakuna mutu anajua hii maneno, ni mimi peke yangu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mama. Kanda."

"Basi kanda ilikupa mudomo. Mimi nitakupa maana. Kila asubuhi, mbele ya kufungua duka."

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yangu, nikiogopa, maana sisi ni Wakatoliki na mama hakukosa misa. Akafikiri, akasema, "Kumsikiliza jirani akisali si kuacha Mungu wako. Nenda. Na umpelekee viazi." Na nilikwenda pia kwa Shangazi Mwajuma na wenye harusi, nikawaeleza ule ulikuwa wimbo gani. Shangazi alishika kichwa. Siku iliyofuata alikuwa dukani, amekaa kimya mbele ya Mama Shanta, na kwa Mwajuma kimya kilikuwa zawadi kubwa.

Basi asubuhi nyingi nilikaa kwenye ule mkeka, neno kwa neno. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema. Mimi niliambiwa, kwa huruma ya mtu niliyemkosea. Plebaki niliacha. Watu walinidai, "Muhindi wa Nengo amepotelea wapi?" Nikawaambia yuko darasani.

Mwaka uliofuata Mama Shanta aliugua. Mwanawe alikuja kutoka mbali kumchukua. Asubuhi ya safari, yeye yuko kitandani nyumba ya nyuma, gari linasubiri nje, akaniambia, "Weka wimbo." Nikaweka. Redio ikanguruma, ikatafuna utepe wa kanda, ikaumeza. Niliutoa umekunjamana kama utumbo wa kuku, nao ukakatika mikononi mwangu. Nilianza kulia.

"Iko kanda ingine," akasema. "Imba wewe."

Mwanangu, mimi sikuwahi kuimba. Hilo ndilo hakuna aliyejua katika mji mzima ulionishangilia: sauti yangu mwenyewe sikuwahi kuitoa mbele ya mtu. Ni sauti nyembamba, ina mkwaruzo, kama cherehani isiyotiwa mafuta. Nikafungua mdomo. Mama Shanta akanyanyua kidole, akaonyesha miguu yangu. Nilikuwa nimesahau. Nikavua ndala nikaanza upya.

Niliimba mpaka mwisho. Pale juu nilishindwa kufika, nikapita chini yake. Kwenye kiitikio yeye alinifuata kwa midomo tu, bila sauti, na safari hii mwenye sauti nilikuwa mimi. Wimbo ulipokwisha mwanawe alikuwa ameegemea mlango, uso ukutani. Mama Shanta akaniambia, "Mustari wa pili ulikosea." Kisha akanishika mkono. Hatukuonana tena.

Nimekuambia haya kwa sababu nakuona unavyopenda kuchukua: wimbo wa huyu, maneno ya yule, sala ya watu usiowajua, na kuvirusha mbele za watu wacheke. Chukua, sikukatazi. Hata mimi nilichokipata cha maana maishani nilikipata kwa kuazima. Lakini kabla hujakitumia, mwendee mwenyewe umwulize: hiki kwenu kinafanya kazi gani, kwenye furaha au kwenye msiba? Nusu saa ya kuuliza ingeniokoa na aibu ya maisha. Ukikosea, usikimbie na cherehani yako gizani. Rudi, vua viatu, usikilize. Na usiogope sauti yako yenye mkwaruzo. Ya kukopa hukatika pale unapoihitaji kuliko siku zote, nayo ya kwako, hata ikipita chini, itafika.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mdomo unaojua unachokisema, na masikio yanayotangulia mdomo. Na mlango utakaougonga kwa heshima, awepo mtu wa kukufungulia.