Picha za Matumbo ya Panya

Mwenzangu wa kazini alifika kwetu kabla yangu. Nilikuwa nimemaliza miaka tisa sijamwona mama, maana karatasi zangu za ukaaji zilikuwa hazijatoka, na kama ningeondoka Marekani nisingeruhusiwa kurudi. Yeye, Mmarekani mweusi wa mtaa wa Columbia Heights aliyejifunza Kiswahili darasani, alihitaji tiketi tu.

Kazi yetu ilikuwa kuchunguza chakula cha panya wa mashambani. Panya akishapasuliwa, kilichomo tumboni kinatandazwa kwenye kioo na kutiwa tone la iodini. Wanga wa mahindi hugeuka bluu iliyoiva, majani hayageuki. Panya wakiacha majani na kuingia kwenye mbegu, mkulima aambiwe upesi atege. Kijiji chetu nilikipendekeza mimi. Bosi akakubali, kisha akamtuma yeye, akae kwa mama. Yeye alijua kutega na kupasua. Mimi nilibaki Maryland kuzisoma picha za darubini alizotuma.

Wiki ya kwanza mama alinipigia nikiwa kwenye treni ya asubuhi kutoka Germantown.

"Huyu msichana ananiamkia shikamoo kila siku," alisema. "Hata kupukuchua mahindi ananisaidia. Wewe ulikuwa unajificha!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwetu kijijini hatuna mazoea ya shikamoo, na nilisikia jinsi alivyoifurahia.

Jumatatu zikaja picha mpya. Karibu kila kioo kilikuwa na madoa ya bluu. Nilielewa papo hapo: panya walikuwa wameingia kwenye mbegu.

"Dada, umezi-check?" mwenzangu aliuliza kwa simu. "Wakulima wananingoja."

"Bado. Nimebanwa."

Sikuwa nimebanwa hata kidogo. Nilitaka asimame mbele ya watu wa kwetu akiwa hana jibu. Nilinyamaza siku tatu.

Alhamisi mama akapiga tena. "Panya wamefukua mbegu zote za upande wa mto. Mwenzako analia, anasema hakujua."

Nilishuka treni kituo kisicho changu, nikakaa kwenye benchi, nikampigia mwenzangu.

"Niliziona tangu Jumatatu," nikamwambia. "Nilikuonea wivu. Uko kwa mama yangu."

"Wamenilaumu mimi," akasema. "Mama yako ndiye aliyenitetea."

Afadhali angenitukana.

Nilimpa majibu yote, nikamwandikia bosi ukweli. Bosi akaninyang'anya picha mpaka msimu uishe. Kule wakatega mitego, wakapanda upya mvua ikiwa bado ipo, na mahindi yakaota.

Baadaye mwenzangu alinitumia picha moja isiyo ya panya. Mama ameshika jembe, amezeeka kuliko nilivyodhani, na wote wawili wamejaa matope hadi magotini. Nilitaka kuiweka kwenye simu yangu, mama peke yake. Nikajaribu kumkata yule mwingine. Haikuwezekana: mama alikuwa amemshika bega, na ningemkata mkono.