Mwokaji Asiyeonja

Mwokaji ana siku kumi na tisa hajaonja sukari wala mkate wake mwenyewe, kwa kuwa anashuku kwamba fangasi wamezidi tumboni mwake. Kila asubuhi humeza punje ya kitunguu saumu kwa mtindi mtupu usiotiwa kitu, amefumba macho, kisha hukanda unga huku akiisuta hamira, ambayo nayo ni jamii ya fangasi: “Ndugu zako wamenivimbisha tumbo, nawe wataka nikuchekee?” Siku ishirini na moja alizojiwekea amezishika kama yai. Hata hivyo, skonzi zikitoka tanurini huziinamia na kuzinusa mpaka wifi yake, anayeuza dukani, amwonye: “Wifi, utazimaliza harufu kabla wateja hawajafika.”

“Kunusa si kula,” hujibu kwa heshima zote.

Leo aliinama mno juu ya skonzi zilizokwisha kunyunyiziwa sukari. Alipoinuka, sukari laini ilikuwa imemganda juu ya mdomo, na mikono yake yote miwili imejaa unga mbichi hadi viwikoni. Akasimama wima, midomo ameibana, akanena kwa sauti ya puani: “Wifi, nifute upesi, kabla ulimi haujapata habari.”

Wifi akachukua kitambaa, akaanza kuja kwa mwendo wa bibi harusi.