Sifuri Tatu za Kitangari

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, mwanangu, nimesimama uwanjani pa ofisi ya kilimo pale Kitangari, viatu vimelowa chepechepe, mkononi nina chupa iliyojaa maji ya mvua, na masikioni nina neno la mjomba wangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mkaidi kwa kila mtu isipokuwa mjomba. Leo nimebakiwa na meno ya kuhesabika, na magoti yangu yanalalamika kuliko mimi mwenyewe, lakini asubuhi ile naiona kama ya jana.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana nyinyi mvua mnaitazama kwenye simu. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe imenyesha au haikunyesha, nilikwenda kwenye kipima mvua. Kilikuwa bomba la bati lililosimikwa ardhini na kuzungushiwa seng'enge ili mbuzi wasilisogelee. Natoa chupa ya ndani, namimina maji kwenye glasi yenye mistari, nasoma, naandika daftarini, namwaga. Kama hakuna kitu, naandika sifuri. Mwisho wa mwezi nakala inapelekwa Newala, na kutoka Newala inakwenda Dar es Salaam. Nikipita sokoni wazee walinitania, "Bibi Mvua, leo tuanike au tusianike?" Nami najibu kwa madaha, kana kwamba mawingu nayafuga mwenyewe.

Zilikuwa siku zile tulizoziita za ruksa. Kabla yake korosho zetu zilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na tulizoea kumsubiri. Mara milango ikafunguliwa. Yakaja malori ya wanunuzi binafsi, ikaja mitumba, zikaja redio kaseti. Jumamosi tukienda Masasi tulirudi na vitenge vya rangi ambazo hata majina yake hatukuyajua. Nakwambia kweli, nilizipenda siku zile, na mpaka leo harufu ya korosho zinazobanguliwa ikinipitia puani natamani kulia. Ila ruksa ilikuja na hofu yake. Mnunuzi binafsi anakuja siku anayotaka, na akiondoka hujui kama atarudi.

Mwaka ule mvua iliwahi. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na korosho za mjomba Selemani, kaka yake mama yangu, zilikuwa bado zimelala chini ya mikorosho hazijaokotwa. Zikalowa zote. Mjomba akapata habari kwamba lori liko Mnyambe na linakuja kwetu, na kwamba mnunuzi yule ni mjanja: kila anapofika anaomba kwanza kuona daftari la mvua, asije akabeba korosho zenye ukungu hadi Mtwara. Basi asubuhi ya siku ya kwanza ya mvua ile mjomba akaja mpaka kwenye seng'enge.

"Mpwa wangu," akasema taratibu, "mvua hii usiiandike."

Sasa wewe uliyekulia mjini utasema, si ungekataa? Kwetu Wamakonde, mwanangu, ukoo unapita kwa mama, na mjomba ndiye nguzo. Ndiye aliyenisomesha, na ndiye ambaye angesimama siku ya kuozwa kwangu. Mtoto anaweza kumbishia baba yake na watu wakacheka. Kumbishia mjomba hakuna aliyecheka. Nikaandika sifuri. Siku ya pili sifuri, ya tatu sifuri. Na maji yale niliyamwaga bila hata kuyatia kwenye glasi, maana niliogopa kuijua hesabu yake.

Mnunuzi alikuja, akalitazama daftari, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akabeba korosho za mjomba, zilizokwisha kuanikwa zikakauka kwa nje, kwa daraja la kwanza. Nikapewa kitenge. Nilikivaa Iddi nzima nikitembea kama tausi, Mungu anisamehe.

Mwezi wa nne akaja mgeni. Alikuwa dada mmoja mtafiti kutoka Dar es Salaam, Bi Tumaini, ameshuka kwenye basi la Masasi na tope hadi magotini. Alikuwa anazunguka vituo vyote vya kusini akinakili madaftari ya mvua kwa mkono. Kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwepo, alifikia kwetu, kwa bibi yangu Somoe, mama yake mama na mama yake mjomba Selemani.

Siku ya pili, tukila ugali wa mchana na kisamvu, bibi akamuuliza, "Mwanangu, wewe msomi mzima, mvua iliyokwisha kunyesha unaitafutia nini?"

Bi Tumaini akacheka. Akaeleza kwamba wenzake na yeye wanachunguza vimbunga vinavyozaliwa baharini, huko kusini kwetu kati ya Msumbiji na Bukini, kisiwa cha Madagaska. Bahari ikipata joto, akasema, kimbunga kinalila lile joto na kunenepa. Lakini kikipita, upepo wake unayakoroga maji, na baridi iliyolala chini inapanda juu. Bahari inapoa. Kikikaa mahali pamoja muda mrefu kinajinyima chakula chenyewe na kuanza kudhoofu.

"Kama tangi langu la maji ya mvua," bibi akadakia. "Jua likiwaka, juu vuguvugu, chini baridi. Ukilikoroga lote linapoa."

"Hivyo hivyo, bibi! Na mwezi wa kumi na mbili kilikuwepo kimoja, hakikufika nchi kavu. Baharini hatuna watu wa kupima, kwa hiyo tunaangalia mvua zilizoanguka huku bara, ndipo tunajua kilizivuta pepo zenye maji kwa njia ipi." Hapo uso wake ukang'aa. "Na hapa kwenu nimepata maajabu. Masasi mvua kubwa, Mnyambe mvua kubwa, Kitangari sifuri siku zote tatu! Labda kipo kitu juu ya uwanda huu ambacho hatukukijua. Nikirudi naanzia hapo kuandika."

Nikalirudisha tonge sahanini. Bibi alinitazama, akamtazama mgeni, akaendelea kula. Hakuwa mtu wa kumvua nguo mtoto wake mbele ya mgeni. Lakini alipokwisha kunawa aliniita nyuma ya jiko, na bibi yangu akikuita nyuma ya jiko ujue si kwa ajili ya mboga.

"Zainabu. Siku tatu zile mimi nilishuka bondeni kuchota maji?"

Unajua, mwanangu, uwanda wetu uko juu na maji yako chini. Wakati ule mwanamke aliamka alfajiri, akateremka na ndoo, akapanda nayo kichwani mpaka jua linachoma. Bibi alikwishafanya hivyo miaka yote ya uhai wake, shingo imeingia mabegani.

"Hapana, bibi," nikajibu. "Hukushuka."

"Tangi lilifurika nikaita majirani waje wachote. Mama Rukia alikuja na mtungi uliovunjika mdomo. Mungu kaniletea maji mpaka mlangoni, na wewe ukamwandikia sifuri?"

"Mjomba aliniambia."

"Mjomba wako nimemzaa mimi, nitazungumza naye mimi. La kuvunda halina ubani, na zile korosho zake sasa zinanuka mpaka kwenye karatasi za watu. Mgeni anaondoka kesho na basi la asubuhi. Wewe nenda kazungumze naye leo."

Nikakaa pale jikoni mpaka jua likapinda. Nikawaza kazi yangu, nikawaza mjomba atakavyoaibika, nikawaza kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, basi litaondoka na jambo litakuwa limekwisha. Lakini kila nilipofika hapo niliuona uso wa yule dada ulivyong'aa, na nikajua ataifanyia kazi sifuri yangu mwaka mzima, na wengine watakuja kujenga juu yake. Alasiri nikaenda. Nilimkuta barazani anachora mistari kwa rula. Nikamwambia yote, huku nikiitazama miguu yake, maana kumtazama machoni sikuweza.

Aliiweka rula chini. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Basi mimi kwa kutaka kupunguza kosa nikasema, "Naweza kukumbuka. Siku ya kwanza chupa ilijaa karibu yote, ya pili nusu..."

"Hapana, dada," akasema. "Uongo wa kwanza ulikuwa wako na mjomba wako. Huu utakuwa wangu na wako."

Akachukua kifutio, akafuta sifuri tatu kwenye nakala yake, akaandika "haikupimwa". Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa nimeyamwaga kwa mkono wangu, tena mara tatu.

Mjomba aliitwa na mama yake, wakafunga mlango, na alipotoka alinipita bila salamu. Hakusema nami mpaka msimu uliofuata. Ofisini nilipokiri, mkubwa wangu aliniondoa kwenye kipima mvua akanipeleka kutunza miche ya mikorosho, nikakaa huko mwaka mzima kabla ya kurudishiwa daftari. Sikulaumu mtu. Kitenge kile nilimpa Mama Rukia.

Zaidi ya mwaka ukapita, ikaja bahasha kutoka Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na ramani ya kimbunga kile, Bi Tumaini ameichora vizuri: bahari, njia kiliyopita, na huku bara kila palipoanguka mvua pametiwa rangi ya buluu. Masasi buluu. Mnyambe buluu. Bibi hakujua kusoma, akanitaka nimwonyeshe kwetu. Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya Kitangari, kwenye kidoa cheupe cha mahali pasipopimwa.

Akakitazama sana. "Mbona hapa pamekauka?" akauliza.

Nikaikunja ramani, mwanangu, nikairudisha kwenye bahasha.

Basi nakuusia. Ukipewa kazi ya kuandika kilichotokea, iwe ni mvua, iwe ni uzito wa mtoto kliniki, iwe ni maneno ya shahidi barazani, usimwachie kalamu mtu unayempenda. Mkubwa wako mheshimu, mpe kiti, mbebee mzigo, lakini jicho lako usimpe akuonee. Na ukikosea, kaseme mapema kabla basi halijaondoka, na usijaribu kuziba pengo kwa kukisia. Liache pengo lionekane, walio mbali wajue hapo hapakupimwa. Watu usiowajua wanaitegemea asubuhi yako moja.

Mwenyezi Mungu akujalie mvua ya kiasi chake na mkono usiotetemeka unapoiandika. Akupe bibi wa kukuita nyuma ya jiko, na akupe miguu ya kuitika. Nenda salama, mwanangu, radhi zangu unazo.