Kidole cha Reinhild

Reinhild Stöckle alizaliwa Pforzheim, mji wa masonara na mafundi saa, na tangu utotoni watu waliijua mikono yake kabla ya kumjua mwenyewe. Baba yake alimfundisha kushika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi bila kuipumulia. Viwanda vya saa vilipoanza kufungwa, alihamia Heidelberg akapata kazi kwenye karakana ya taasisi moja ya utafiti wa anga, huko juu mlimani msituni. Alikaa hapo miaka thelathini na moja. Madaktari wa nyota walikuwa ghorofani, mafundi chini. Wa juu walishuka wakiwa na shida tu. Wa chini hawakupanda kabisa, na Reinhild ndiye aliyeongoza kwa kutopanda. Alisema huko juu kuna makaratasi mengi na kahawa mbaya.

Kazi kubwa kuliko zote alizofanya ilikuwa kifaa cha kupimia vumbi. Ukikitazama ungedhani ni ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na bamba linalong'aa. Kifaa kingefungwa kwenye chombo cha anga kwenda hadi Zohali, kikatize katikati ya pete zake na jirani na miezi yake ya barafu. Punje ya vumbi, nyembamba kuliko moshi, ingelipiga bamba kwa kasi ambayo risasi haiijui, ingepasuka, na kifaa kingesoma punje hiyo imetengenezwa kwa kitu gani. Kwa hiyo bamba lilitakiwa liwe safi, safi kweli kweli. Wenzake wakigusa kitu kwa mikono mitupu, Reinhild aliwafokea mpaka wakaomba radhi kwa bamba lenyewe.

Siku ya kulifunga alivaa glavu mbili mbili kama kawaida yake. Alipomaliza na kuzivua, akaona zote mbili zimetoboka kwenye kidole cha shahada, tundu la kupitisha sindano. Kidole hicho ndicho kilichokuwa kimeshika ukingo wa bamba. Nje, dereva alikuwa ameshawasha lori. Kusema kungemaanisha kufungua kila kitu upya, na tarehe ya safari ilikuwa haina mjadala. Reinhild alipangusa ukingo kwa spiriti mara tatu, akafunga, akanyamaza. Jasho la mtu ni chumvi, na chumvi haiondoki kirahisi. Alilijua hilo kuliko wote.

Chombo kikaruka. Kilisafiri miaka saba, kikazunguka Zohali miaka mingine mitano, naye alikuwa karibu kusahau. Ndipo asubuhi moja ya Mei habari ikashuka ngazi: Dakta Falk Imhoff, kijana wa ghorofani, amekuta chumvi kwenye vumbi la barafu linalotoka kwenye mwezi mmoja wa Zohali. Chumvi maana yake chini ya barafu ile kuna bahari. Karakana nzima ikapiga makofi. Reinhild alipiga pia. Dunia nzima ilikuwa inakwenda kutangaziwa bahari, na yeye aliamini bahari hiyo ni jasho lake.

Wiki nzima hakula vizuri. Mumewe Eckhard alimpikia asparagasi nyeupe, mboga za msimu ule, Reinhild akawa anazisukumasukuma tu kwenye sahani.

"Unaumwa, au umeua mtu?" Eckhard akamuuliza.

Akamweleza yote. Eckhard alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta sahani ya mkewe akaanza kuila.

"Nenda kaseme. Umebakiza miezi minne ustaafu. Wakikufukuza, watakufukuza uende wapi?"

Ijumaa Reinhild akapiga moyo konde, akapanda. Imhoff alikuwa anapachika mnyororo wa baiskeli yake humo humo ofisini, mikono myeusi kwa grisi, jambo ambalo siku nyingine lingemtia hasira fundi huyu.

"Dakta, ile chumvi ni yangu," alisema akiwa bado mlangoni.

Akasimulia glavu, tundu, lori na spiriti. Imhoff alifuta mikono kwa kitambaa, akawasha kompyuta, akaonyesha mchoro wenye vilele vilele, kisha akaweka mwingine kando yake.

"Mama, tazama hiki kilele cha chumvi. Kimekuwepo tangu punje ya kwanza, hata Zohali hatujafika. Tunakiita Kidole, maana tulijua kuna mtu aligusa bamba. Mwaka wa kumi sasa tunakiita hivyo."

Akamfafanulia taratibu. Chumvi kavu iliyonata kwenye bamba, ikipigwa, huruka peke yake. Chumvi iliyoganda pamoja na maji huruka imekumbatiana nayo, na hii ya mwezi ilikuwa hivyo. Ni kama brezel, ule mkate wa kusokotwa unaonyunyiziwa chumvi, alisema: chumvi ya juu ya mkate unaipangusa kwa mkono, ya ndani ya unga huwezi.

"Na bila hicho Kidole tusingejua kavu inaonekanaje kule. Mpaka leo tungekuwa tunabishana."

Reinhild akakaa juu ya boksi la vipuri vya baiskeli. Mzigo wa miaka kumi na miwili ulimtoka mara moja, akalia bila aibu. Alifurahi, alifurahi sana. Kisha hasira ikampanda.

"Miaka kumi! Hapakuwa na hata mmoja wa kushuka ngazi akaniambia?"

"Hatukujua ni cha nani," Imhoff akajibu kwa upole. "Na wewe mama hukupanda."

Reinhild alimwomba kitambaa, akajifuta machozi, akabaki na alama ya grisi shavuni.

Siku ya kutoa matokeo, Imhoff alimkalisha mstari wa mbele. Ukumbi ulijaa. Maswali yalipofika, mgeni mmoja, profesa mwenye sauti ya kujiamini, akasimama akauliza watajuaje kwamba chumvi hiyo haikutoka kwenye mkono wa fundi hapa duniani. Imhoff alimtazama Reinhild, naye akainuka akanyoosha kidole cha shahada ili profesa akione.

"Ile kavu ni yangu, ilitoka hapa," alisema. "Hiyo nyingine mimi sina habari nayo."