Vidonge Alivyonunua Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa kutishika. Kule kwetu Misima nilimwona kwa macho yangu akimvamia fahali aliyevunja boma, akamshika pembe na kumgeuza shingo. Siku nyoka alipoingia jikoni, alimuua kwa jembe, akarudi kuketi na kumalizia muhogo wake. Kwa hiyo aliposhuka kwenye basi Korogwe, shavu limevimba hadi jicho moja limeziba, sikufikiri mara mbili.

"Shikamoo baba. Twende kwa daktari wa meno."

"Marahaba. Meno hapana," akasema. "Nimekuja unipikie uji."

Nilidhani anatania. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kwamndolwa, nashona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mjini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua biashara. Serikali ilikuwa imeruhusu tena tiba za watu binafsi, na nyuma ya duka lile lile daktari wa meno, mama mmoja wa makamo, alikuwa amepanga vyumba viwili. Nikamwambia baba ni hatua chache tu kutoka ninaposhonea.

Baba akaanza kulia. Hakutoa sauti. Alikaa kwenye stuli ya jikoni kwangu, mikono imebana magoti, machozi yanashuka kwenye shavu lililovimba. Nilisimama na mwiko mkononi, sijui niutue wapi. Sikuwa nimewahi kuyaona machozi yake, hata tulipomzika bibi.

Ndipo akanieleza. Alipokuwa kijana alikata mkonge kwenye shamba moja la huku Korogwe. Jino likamuuma, akapelekwa kwa mganga wa shamba. Hapakuwa na sindano ya ganzi. Wanaume wanne walimlaza kwenye meza, mmoja akamkalia kifuani, na jino likatoka vipande vipande. Alipopiga kelele wakamziba mdomo kwa mkono kisha wakaendelea.

"Niliwaambia basi," akasema. "Nikawaambia basi, basi. Hakuna aliyesikia."

Ilimchukua siku mbili kukubali kwenda, na alikubali kwa sababu maumivu yalishinda. Daktari alimsalimia shikamoo, akamkalisha kwenye kiti cha kawaida, mbali na kile cha kulaza wagonjwa. Alipousikiliza mkasa wa mkonge hakucheka. Akasema uvimbe utulizwe kwanza kwa dawa, ndipo wang'oe gego lililooza. Halafu akamweleza baba njia zilizopo.

"Mzee, sindano ya ganzi utachomwa kwa vyovyote, ili usisikie maumivu. Hilo ni la jino. Hofu nayo ina dawa yake. Naweza kukupa kidonge kimoja hapa hapa, kinatuliza moyo, unasinzia kidogo lakini ukiitwa unaitika. Kule Dar wapo wenye gesi ya kuvuta puani, mimi sina. Na ukishindwa kabisa nitakuandikia uende hospitali kubwa Tanga, wakupige nusu kaputi, ulale usijue lolote."

Baba aliinama mbele kwenye kiti. "Vyote hivyo vipo?"

"Vipo, mzee."

"Na wale walinikalia kifuani."

Akachagua kidonge. Daktari akamsisitizia asile kitu asubuhi ya siku ya kung'oa, wala asimeze dawa nyingine ya kulevya au ya usingizi. Baba akaitikia, ndiyo, ndiyo.

Siku ilipofika, uvimbe umepungua, nilimpeleka mwenyewe. Njiani niliona anapepesuka, nikadhani ni njaa, maana tangu jino limuanze alikuwa anakunywa uji tu. Daktari akamuuliza kama amemeza chochote. "Hakuna," akasema. Akapewa kidonge chake, tukakaa chumba cha nje tukingoja kifanye kazi. Baba aliegemeza kichwa ukutani, akanung'unika maneno ya Kizigua ambayo sikuyashika, akatulia. Nikafurahi. Nikawaza, afadhali, baba amepumzika.

Daktari alipotoka kumwita, baba hakuitika. Akamwita tena kwa sauti, akambana sikio kwa kucha. Kimya. Kisha nikasikia mkoromo wa ajabu, kama maji yanayokwama kwenye bomba, na mkoromo ukakatika.

"Mlaze chini! Mshike miguu, tumlaze!"

Tulimshusha sakafuni. Daktari akapiga magoti kichwani kwake, akaisukuma taya mbele kwa vidole vya mikono yote miwili. Midomo ya baba ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya majivu. Nilisimama nimejishika kichwa. Kifua cha baba kilikuwa hakipandi wala hakishuki, na mimi nilikuwa nakitazama tu, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Hewa ikaingia kwa kishindo. Kifua kikapanda.

"Ulimi ulikuwa umeziba koo," daktari akasema, bila kuondoa mikono. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. "Huyu hajalala kwa kidonge changu kimoja. Mtafute mifukoni."

Kwenye mfuko wa shati nilikuta kibahasha cha dawa, ndani kimebaki kidonge kimoja. Daktari akakitazama, akafumba macho kidogo. Kilikuwa dawa ile ile aliyompa yeye.

Mwenye duka alitoa pikapu yake, tukamkimbiza hospitali, daktari amemshika taya njia nzima. Baba alilala hadi kesho yake asubuhi. Alipoamka aliuliza kama jino limetoka.

"Vingapi umemeza, baba?"

"Sikuhesabu. Niliogopa kimoja hakitatosha." Akageukia ukutani. "Niliogopa nitaamka wamenikalia."

Nilikwenda kwenye duka la dawa baridi alikoniambia alivinunua. Muuzaji alimkumbuka vizuri. "Mzee mwenye shavu? Aliomba za usingizi, nikampa. Kwani vipi?" Nilipomwambia kwamba baba aliacha kupumua, alisema, "Pole sana, mama," kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu na kumuuliza anataka nini. Nilibaki nimesimama pale kaunta. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na hakukuwa na wa kugombana naye.

Nilidhani mambo ya meno yameishia hapo. Lakini wiki iliyofuata, uvimbe ulipokwisha kabisa, baba mwenyewe alisema twende. Daktari alimkatalia kidonge katakata. "Safari hii ganzi tu, mzee. Ila tukubaliane. Ukiinua mkono, naacha. Hata kama jino limebaki kidogo, naacha."

Baba hakuamini. Alipochomwa ganzi tu, akainua mkono. Daktari akaacha. Koleo lilipogusa jino, akainua tena. Daktari akaliweka koleo kwenye sinia, akakunja mikono mapajani, akangoja. Sijui baba aliinua mkono mara ngapi, na kila mara yule mama aliacha, bila kuguna, bila kutazama saa, wakati wagonjwa wengine wanakohoa nje. Mwishowe mkono haukuinuka tena, na jino likatoka.

Alipotema damu akanitazama, macho yamemtoka. "Umemwona?" akauliza kwa mdomo uliokufa ganzi. "Anaacha!"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi ndiye niliyebaki na ugonjwa. Kila nilipokwenda Misima nikamkuta amelala mkekani mchana, nilisimama mlangoni nikaangalia kifua chake mpaka nikione kinapanda, na mara nyingine aliniona.

"Unatazama nini?" alikuwa akisema. "Kapike."